Suruali, Mkate na Barua

Boti za kwenda Robben Island huondokea bandarini Cape Town, penye jengo lenye jina la Nelson Mandela, hatua chache kutoka kwenye maduka ya manukato na mikahawa ya samaki. Upepo wa kusini-mashariki ukichafua bahari, safari hufutwa. Siku iliyotangulia zilikuwa zimefutwa zote, kwa hiyo asubuhi ile foleni ilikuwa ndefu: wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao, familia kutoka Durban iliyobeba vikapu vya chakula, watalii wa Ulaya wenye makoti ya mvua, na mimi niliyetoka Mbeya nikidhani baridi naijua.

Mbeya naitaja kwa sababu. Januari 1962 Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, akapitia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, akaja kwa ndege ndogo hadi Mbeya, kisha Dar es Salaam alikoonana na Mwalimu Nyerere. Katika kumbukumbu zake ameeleza alivyoshangaa pale hotelini Mbeya kuwakuta weusi na weupe wakiongea barazani na hakuna anayefukuzwa. Alipokamatwa Agosti mwaka huohuo alifungwa miaka mitano: mitatu kwa kuchochea mgomo, miwili kwa kutoka nje ya nchi bila pasipoti. Wazee wa mjini kwetu huisimulia ile safari kwa fahari, nami nimekua nikiisikia. Miaka miwili ya jela kwa njia iliyopita kwetu! Nilitaka kuona mahali deni hilo lilipolipiwa.

Kisiwa ni kidogo, kilomita za mraba 5 hivi, tambarare, na mji unaonekana wazi kutoka huko, mlima, majengo na magari yanayong'aa juani. Hilo lenyewe lilikuwa adhabu. Miaka ya baadaye wafungwa walipelekwa ufukweni kukusanya mwani uliosafirishwa kuuzwa Japani, wakawa wanafanya kazi huku Cape Town iko mbele ya macho yao. Mtu anayefungwa bara hufungiwa na dunia ikamtoka machoni. Hawa waliachiwa waione.

Watu wametupwa hapa tangu karne ya 17. Waholanzi walimleta Autshumato, mkuu wa Wakhoi, mwaka 1658, na mwaka uliofuata akatoroka kwa mashua. Baadaye wakaleta masheikh na watawala wa visiwa vya Indonesia waliowapinga. Mmoja wao, Sayed Abdurahman Moturu, alifia hapa mwaka 1754, na kuba la ziara yake limesimama karibu kabisa na lango la gereza. Mama mmoja wa ile familia ya Durban aliomba basi lisimame kidogo, akafungua mikono, akasoma Fatiha. Kati ya 1846 na 1931 kisiwa kilikuwa cha wagonjwa wa ukoma. Serikali ya makaburu ilikifanya gereza la ulinzi mkali mwaka 1961, wafungwa wa kisiasa wa mwisho wakaondoka 1991, na wale wa makosa ya kawaida wakafuata 1996.

Basi la wageni hupitia kwanza nyumba ya Robert Sobukwe. Huyu ndiye kiongozi wa chama cha PAC aliyewaongoza Waafrika kuzikataa pasi walizolazimishwa kubeba, Machi 1960. Kifungo chake cha miaka mitatu kilipokwisha mwaka 1963, Bunge lilipitisha sheria ya kumzuia zaidi bila kesi, sheria iliyokuwa ikihuishwa kila mwaka, naye akaletwa hapa, akawekwa peke yake katika nyumba ndogo hadi 1969. Alivaa nguo zake mwenyewe, alisoma vitabu, hakuponda mawe. Alichonyimwa ni kusema na mtu. Walinzi hawakuruhusiwa kuongea naye, na wafungwa wenzake walipopitishwa karibu hakuweza hata kuwasalimu, hivyo alikuwa akichota udongo mkononi na kuuachia udondoke mbele yao, ishara kwamba wote ni wana wa ardhi moja. Nimeiangalia ile nyumba kwa hasira ambayo sikuitegemea. Hakuna pingu ndani yake, hakuna kiboko, na bado sidhani kama nimewahi kuona mahali pa ukatili mkubwa kuliko pale.

Machimbo ya chokaa yako karibu. Januari 1965 wafungwa wa Sehemu B, walikowekwa wale walioitwa viongozi, waliambiwa watachimba hapo kwa miezi sita. Walichimba zaidi ya miaka kumi. Kazi ilikuwa sululu na sepetu, chini ya jua linalopiga kwenye mwamba mweupe na kurudi usoni. Waliomba miwani ya jua, wakanyimwa. Waliendelea kuomba kwa miaka karibu mitatu kabla ya kuruhusiwa, na wakatakiwa wainunue wenyewe. Nilisimama hapo dakika chache, kiangazi kikiwa bado hakijafika, nikajikuta nafumba macho. Mandela alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka 1994, akiwa tayari rais. Vumbi la chokaa lilikuwa limeharibu mifereji ya machozi.

Langoni mwa gereza tulipokewa na mzee aliyefungwa humohumo. Ndivyo utaratibu ulivyo: ndani ya gereza wanaoongoza wageni ni waliokuwa wafungwa wa kisiasa. Huyu alikuwa mrefu, sauti ya chini, na aliposikia natoka Tanzania aliniita "ndugu" na kuuliza habari za Morogoro, kwa kuwa alipita huko ujanani kabla ya kurudi kwao kwa siri na kukamatwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nikamwambia Mazimbu, palipokuwa na shule ya ANC, sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Akafurahi, akasema tutaongea baadaye. Hatukuongea, maana wanafunzi walimzingira.

Alituingiza kwenye seli ya pamoja, ukumbi mrefu wenye madirisha ya nondo, mabenchi yamepangwa pembeni. Upande mmoja palikuwa na kitanda cha chuma cha ghorofa, upande mwingine mkeka mwembamba wa mkonge umetandikwa sakafuni pamoja na blanketi la kijivu. Akasema yeye alilala kitandani. Kisha akauonesha mkeka na kusema wazee wake ndio waliolala pale, na kwamba kila kitu alichokikuta yeye, kitanda, maji ya moto, gazeti, kilikuwa kimepiganiwa na mtu kabla yake. Baada ya hapo sikuweza tena kulitazama gereza lile kwa jicho lingine. Wageni wengi wanakuja kuona seli ya Mandela. Mimi niliyoyafuata tangu dakika ile ni mambo madogomadogo na jinsi kila moja lilivyopatikana.

Anza na suruali. Juni 1964, baada ya kuhukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya Rivonia, waliletwa watu saba: Mandela, Walter Sisulu, Govan Mbeki, Raymond Mhlaba, Elias Motsoaledi, Andrew Mlangeni na Ahmed Kathrada. Wa nane, Denis Goldberg, alibaki Pretoria kwa sababu ni mweupe, na mweupe hakufungwa pamoja na weusi. Kati ya hao saba, Kathrada ndiye mdogo kuliko wote, lakini kwa kuwa asili yake ni Uhindi alipewa suruali ndefu na soksi. Waafrika walipewa kaptula, bila soksi. Mtu kama Sisulu, baba wa watoto, mwenye miaka zaidi ya hamsini, anavalishwa kaptula katika majira ya baridi ya Julai, baridi yenye mvua na upepo wa bahari, kwa sababu sheria ilimwona Mwafrika kuwa mtoto hata awe babu.

Mandela alilalamika tangu siku za mwanzo. Baada ya wiki mbili akakuta suruali ndefu ya kaki, kuukuu, imetupwa ndani ya seli yake. Akauliza kama na wengine wamepata. Hawakupata. Akamwambia mkuu wa gereza kwamba hataivaa peke yake, na ile suruali ikachukuliwa. Ilibidi wangoje zaidi ndipo wapewe wote.

Kathrada naye alikuwa na mtihani wake. Kijana anavaa soksi mbele ya wazee wanaotetemeka. Alitaka kuzikataa, lakini Mandela na wenzake walimwambia abaki nazo; kinachodaiwa ni wengine wapandishwe, wala si yeye ashushwe. Nimefikiri sana juu ya ushauri huo. Kwetu mara nyingi mtu akipewa haki ambayo jirani hana, humuona jirani kuwa ndiye mwizi, au jirani humwona yeye hivyo. Pale waliikataa njia hiyo wakiwa miguu mitupu.

Mkate ni hadithi ileile, na bango lake lipo ukutani mpaka leo. Ni nakala ya kadi ya chakula, yenye safu mbili: B kwa machotara na Waasia, C kwa Wabantu. Nyama: B aunsi 6, C aunsi 5. Mafuta: B aunsi 1, C nusu aunsi. Jamu: B aunsi 1, C hakuna. Mkate: B aunsi 4, C hakuna. Mtu aliketi ofisini akapima hayo. Sababu iliyotolewa ni kwamba Mwafrika hapendi mkate, ni chakula cha Kizungu. Nilisimama mbele ya ile kadi hadi kundi likaniacha. Kipigo unaweza kusema ni hasira ya askari mmoja, lakini aunsi moja ya nyama iliyopunguzwa kwa uangalifu haina hasira ndani yake. Imechapwa kwa mashine na kutiwa sahihi. Na aliyeitunga alijua kwamba nusu ya mkate mezani ikiwa ya wachache, wanaokula meza moja wanaweza kuchukiana. Katika Sehemu B haikuwa hivyo. Waliopewa mkate waliugawa kwa siri, na madai ya chakula sawa yakaendelea mwaka hadi mwaka. Usawa huo haukuja mpaka mwisho wa miaka ya 1970.

Asubuhi ilikuwa uji wa mahindi. Kilichoitwa kahawa kilikuwa unga wa mahindi uliochomwa hadi ukawa mweusi, ukatiwa maji ya moto. Mchana mahindi ya kuchemsha, pamoja na kinywaji cha unga na hamira kilichoitwa phuzamandla. Jioni uji tena, na kwa bahati kipande cha karoti au kabichi kikielea. Aliyekosa hata jambo dogo, kofia kutovuliwa au kifungo cha koti kutofungwa, alinyimwa milo. Walioadhibiwa zaidi waliwekwa peke yao wakanyweshwa maji ya mchele.

Mwanafunzi mmoja, mvulana wa kama miaka kumi na mitano, aliuliza choo kilikuwa wapi. Wenzake wakacheka na mwalimu akamtupia jicho, lakini mzee alisema ni swali zuri na akalijibu kwa kirefu. Katika seli za mtu mmoja hapakuwa na choo. Palikuwa na ndoo ya chuma yenye mfuniko uliobonyea katikati, na katika ule mfuniko ndimo maji yalimotiwa, na kwa maji hayo mfungwa alinyoa na kunawa uso. Asubuhi saa kumi na moja na nusu kengele inalia, unakunja mkeka na mablanketi, unangoja kufunguliwa, unatoka na ndoo yako kwenda kuimwaga na kuisafisha. Kukiwa na mgonjwa, mwenzake alimbebea ya kwake. Alipokwisha kueleza, yule mvulana alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari.

Nina binamu aliyewahi kukaa mahabusu kwa muda mrefu, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa hadi ikafutwa. Aliporudi nyumbani sote tulimuuliza habari za wakili na hakimu. Yeye alitaka kueleza habari za sabuni: namna mche unavyokatwa vipande kwa uzi, na kipande kinavyonunua mahali pa kulala. Alitaka kueleza kulala ubavu mmoja, watu wamepangana, na kugeuka wote pamoja mtu akitoa amri usiku. Alisimulia mara kadhaa, akaona tunarudia kuuliza kesi, akaacha. Nilimkumbuka sana katika ule ukumbi. Mfungwa haishi ndani ya hukumu yake. Anaishi ndani ya ndoo, blanketi, foleni ya uji, na hali ya askari aliyeamka naye siku hiyo.

Miaka ya mwanzo, kabla macho ya dunia hayajafika, ilikuwa mibaya kupita maelezo. Wafungwa walivuliwa nguo na kulazimishwa kuruka, kupiga makofi na kuinama mbele ya askari ili wapekuliwe. Johnson Mlambo wa PAC alizikwa ardhini hadi shingoni juani, na alipoomba maji askari akamkojolea. Aliyatenda hayo askari mwenye mshahara wa serikali, na Mlambo alibaki kisiwani miaka 20.

Serikali ilijua kuficha. Mwaka 1964, wakati wafungwa wa Sehemu B wakiponda mawe uani, asubuhi moja walinyang'anywa nyundo na kupewa sindano, uzi na fulana kuukuu za kushona. Saa chache baadaye akaja mpiga picha wa gazeti la London. Alipoondoka, sindano zikakusanywa na nyundo zikarudishwa. Mojawapo ya picha za siku hiyo, Mandela na Sisulu wamesimama uani wakizungumza, imesambaa duniani kote, na ninakumbuka kuiona katika kitabu cha shule. Sikujua wakati huo kwamba nyuma yake kuna rundo la mawe.

Nilidhani ninachokwenda kukiona ni mwili unavyoteswa. Barua ndizo zilizonishika zaidi. Wafungwa walipangwa kwa madaraja kutoka A hadi D, na wa kisiasa walianzia D: barua moja kila miezi sita, maneno yasizidi 500, mambo ya familia tu, mgeni mmoja kila miezi sita, nusu saa. Hebu hesabu mwenyewe maneno 500. Mke anauliza mtoto apelekwe shule gani, nyumba inavuja, mama mkwe ni mgonjwa, na wewe una maneno 500 ya kuwa mume na baba kwa nusu mwaka.

Hata hizo hazikufika salama. Barua ya kwanza ya Winnie, mke wa Mandela, ilipomfikia mumewe ilikuwa imefutwa kwa wino hata hapakubaki zaidi ya salamu. Wafungwa wakagundua kwamba wino huo unaweza kuoshwa, maneno yakaonekana. Wakubwa nao wakagundua kwamba wamegundua, wakaanza kukata kwa wembe. Karatasi imeandikwa pande zote mbili, kwa hiyo kukata mstari mmoja wa mbele ni kuua na wa nyuma. Ulichopokea kilikuwa matambara. Na wakati mwingine askari alimwita mtu akamwambia kwamba barua yake imefika, ila hatapewa, bila kusema kwa nini.

Winnie alifika kwa mara ya kwanza Agosti 1964, kutoka Johannesburg, mwendo wa kilomita zaidi ya elfu moja, kwa ajili ya dakika thelathini nyuma ya kioo, askari wamesimama pande zote mbili, lugha Kiingereza au Kiafrikana tu. Mama wa kijijini asiyejua lugha hizo alimtazama tu mwanawe. Mara ya pili ilikuwa baada ya miaka miwili. Watoto chini ya miaka 16 hawakuruhusiwa kabisa. Zindzi, binti yao aliyeachwa akiwa mdogo wa kubebwa, alimwona baba yake gerezani Desemba 1975, msichana mkubwa. Mama yake Mandela alifariki mwaka 1968, na Julai 1969 mwanawe mkubwa, Thembi, akafa katika ajali ya gari. Mara zote mbili aliomba kwenda kuzika, mara zote mbili akanyimwa. Kathrada, ambaye hakuwa na mtoto, alisema baadaye kwamba kitu alichokikosa kuliko vyote ni watoto. Alikaa kama miaka 20 bila kumwona hata mmoja.

Basi wakajifunza kuandika njia nyingine. Waligundua kwamba askari hutupa viberiti vitupu njiani waendako machimboni. Wakatengeneza kiberiti chenye sakafu ya uongo, wakaweka karatasi ndogo, wakakiangusha mahali ambapo watu wa sehemu nyingine watapita. Waliandika kwa maziwa, ambayo yakikauka hayaonekani mpaka yapuliziwe dawa ya kusafishia seli. Waliviringisha ujumbe kwenye plastiki na kuutia ndani ya mapipa ya chakula. Katikati ya miaka ya 1970 Mandela aliandika kumbukumbu zake usiku, na Mac Maharaj akazinakili kwa maandishi madogo mno na kuzitoa nje alipofunguliwa 1976. Nakala ya asili walikuwa wameifukia uani katika makopo ya kakao. Wakubwa walipochimba msingi wa ukuta mwaka 1977 waliikuta, na Mandela, Sisulu na Kathrada wakanyang'anywa ruhusa ya masomo kwa miaka minne.

Ruhusa ya masomo ni kitu ambacho tusioishi huko hatukielewi uzito wake. Watu walioingia bila kujua kusoma walifundishwa na wenzao machimboni, wakichora herufi kwenye chokaa. Wengine walichukua shahada kwa posta. Kitabu cha mtaala kikichelewa, mtihani unapita, unangoja mwaka. Katika miaka hiyo Sonny Venkatrathnam alikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha tamthilia zote za Shakespeare, alichokiokoa kwa kukibandika kadi za Diwali ili askari wadhani ni kitabu cha dini. Alikipitisha seli kwa seli, kila mtu atie sahihi kwenye ukurasa aupendao. Mandela alitia yake mwezi Desemba 1977, kwenye *Julius Caesar*. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria Mwalimu Nyerere, ambaye tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia hiyohiyo ilitoka mwaka 1963.

Na Tanzania ilikuwemo mle ndani kwa njia nyingine. Andimba Toivo ya Toivo na wenzake wa chama cha SWAPO waliletwa kisiwani mwaka 1968 kutoka Namibia. Kati yao walikuwemo wapiganaji waliokuwa wamefunzwa Kongwa, Dodoma. Toivo alikaa hadi 1984, na habari zake zinatajwa haraka mno katika ziara, jambo lililonisikitisha. Anastahili zaidi ya sentensi moja, kama wanavyostahili mamia ya wale wa seli za pamoja ambao majina yao hayako kwenye fulana zinazouzwa bandarini.

Baada ya machafuko ya Soweto 1976 wakaja vijana wa aina nyingine. Mmoja aliamriwa na ofisa avue kofia, akauliza, kwa nini? Wazee walishtuka, kwa kuwa wao walikuwa wamevichagua vita vyao kwa hesabu: hiki tunagoma, hiki tunaandika barua, hiki tunangoja Msalaba Mwekundu waje. Vijana waliwaona wazee wamepoa. Mzee wetu alisema ubishi huo ulichukua miaka, na kwamba yeye mwenyewe alipofika alikuwa upande wa vijana. Kazi ya machimbo ilikwisha 1977. Magazeti yaliruhusiwa 1980. Kila upande una haki ya kudai ushindi huo.

Tulipita kwenye korido ya Sehemu B. Seli ya Mandela ina mkeka, blanketi, ndoo, kimeza. Mita mbili na kidogo kila upande. Watu walipiga picha, foleni ikasukumana, nikapita.

Dakika za mwisho uani mvulana wa daftari akauliza swali jingine: walikuwa wakifanya nini Jumamosi? Hapo mzee akawa mtu mwingine. Akaeleza jinsi wafungwa wa seli za pamoja, katikati ya miaka ya 1960, walivyokuwa wakisimama kila wiki kwenye zamu ya malalamiko na kuomba ruhusa ya kucheza mpira, na wengine wakaadhibiwa kwa kunyimwa chakula kwa sababu ya kuomba tu. Waliendelea kuomba kwa miaka mitatu hivi. Walipopewa nusu saa ya Jumamosi, mwishoni mwa 1967, hawakutosheka na kupiga danadana. Waliunda Chama cha Soka cha Makana, kwa jina la shujaa wa Waxhosa aliyekufa maji akitoroka kisiwa hiki. Kilikuwa na katiba, ligi ya madaraja, waamuzi waliofanya mitihani ya sheria za FIFA, na kamati ya nidhamu. Dikgang Moseneke, aliyefungwa akiwa na miaka 15 na baadaye akawa Naibu Jaji Mkuu wa nchi, alikuwa kiongozi wa chama hicho. Jacob Zuma alicheza na kuchezesha. Wa Sehemu B hawakuruhusiwa. Walichungulia dirishani mpaka wakubwa wakaziba.

Mwaka 1970 wachezaji wa timu ya Atlantic Raiders walilala chini katikati ya uwanja kupinga uamuzi wa refa. Kesi ikafunguliwa mbele ya kamati, ikaendeshwa miezi, mashahidi wakaitwa, rufaa ikakatwa. Watu wanaolala ukumbi mmoja waliandikiana barua rasmi, zenye tarehe na heshima zote, na barua hizo zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Western Cape. Hizo hakuna aliyezikata kwa wembe.

Mwalimu alikuwa anaangalia saa, na honi ya boti imelia. Mvulana akamuuliza mzee alichezea timu gani na namba ngapi. Mzee akasema beki wa kulia, akaanza kueleza bao moja la kona ambalo refa alilikataa, na hadi tunafika kwenye gati alikuwa bado anasisitiza kwamba mpira ulikuwa umevuka mstari.